Mtoto akiungua, saa inaanza kuhesabiwa nyumbani

Katika nyumba nyingi za Mazinde, chini ya Milima ya Usambara, jiko la mkaa au mafiga huwa chini, pale pale mtoto anapotambaa. Sufuria ya uji ikipinduka, kinachokimbiliwa ni dawa ya meno, mafuta au yai bichi. Vitu hivyo havipozi ngozi, vinaweza kuingiza vijidudu, na vinamzuia daktari kuona kidonda.

Kinachosaidia ni maji safi ya kawaida, si ya barafu. Mmwagilie mahali palipoungua kwa dakika 20. Mvue nguo na shanga, lakini iliyoganda kwenye ngozi usiibandue. Mfunike kwa kitambaa safi, asipate baridi.

Wakati wewe unamwagia maji, mwingine aite bodaboda.

Kwa nini haraka? Kuungua sana hufanya maji ya mwili yavuje kutoka kwenye mishipa ya damu. Mtoto anayelia kwa nguvu sasa anaweza kuzimia baadaye. Ndiyo maana majeruhi wa lori la mafuta lililowaka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, walipofikishwa Muhimbili, walihitaji zaidi ya kufungwa vidonda.

Tangu mwaka 1968, madaktari wengi wamefuata kanuni iliyotoka hospitali ya Parkland, Dallas, Marekani: mililita 4 za dripu, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia ya ngozi iliyoungua. Mtoto wa kilo 10 aliyeungua asilimia 20 hupata mililita 800 siku ya kwanza, mbali na maji yake ya kawaida. Nusu yake iingie ndani ya saa nane za kwanza.

Saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitali. Familia ikipoteza saa tatu kwa tiba za jirani, zimebaki tano.

Mzazi unaweza kukadiria: kiganja cha mtoto, pamoja na vidole, ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake. Vikizidi viganja 10, au akiungua uso, mikono au sehemu za siri, au akivuta moshi, usisubiri asubuhi.

Ukifika, kabla ya kueleza ilivyotokea, mwambie muuguzi jambo moja: mtoto ameungua saa ngapi.