Majani ya Nje ya Kabichi

Na Skolastika Ngonyani

Jumamosi iliyopita, Soko Kuu la hapa Songea, mama mmoja alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kisu mkononi, akitengeneza kabichi za kuuza. Anabandua majani ya nje, yale ya kijani yaliyokakamaa kidogo, anayatupia kwenye kiroba, mpaka kabichi inabaki nyeupe. Nikamuuliza kiroba kile kinakwenda wapi.

"Kwa mbuzi, dada. Wateja wanataka nyeupe."

Jibu hilo limeniuma wiki nzima. Majani yale ya kijani ndiyo yenye karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Huko ndani, kwenye majani yasiyoona jua, imebaki kidogo mno.

Ruvuma ni moja ya maghala ya chakula ya nchi hii. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 35.6 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na wastani wa Taifa ni 30. Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo maradhi, maji machafu na mjamzito kushinda shambani, wala sisemi kabichi itauondoa. Nasema sinia zetu zina mlima wa ugali na mboga ya kuchovyea tu, na hicho kidogo tunakipunguza tena wenyewe.

Mwezi uliopita jirani yangu wa Lizaboni aliniita bustanini kwake. Kuna mbegu aliletewa na ndugu yake, zikaota mmea wenye majani kama ya sukuma wiki, na juu kidogo ya udongo shina limevimba, mviringo, ukubwa wa ngumi. Ni kolirabi, jina la Kijerumani. Wengi hudhani ni mzizi, kumbe ni bua. Tulilimenya, tukalikata vipande vyembamba, tukatia ndimu na chumvi. Linatafunika vizuri, na lina utamu wa mbali. Majani tukayaunga na nyanya. Mwanawe wa darasa la nne akatafuna, akasema, "Mama, mbona kama lile bua la kabichi tunalowapa kuku?"

Mtoto yule alisema kweli tupu. Kabichi, sukuma wiki, koliflawa, brokoli na kolirabi, kwa wataalamu wa mimea zote ni spishi moja. Wakulima wa kale ndio waliozitenganisha, huyu akichagua mbegu za mmea wenye majani mazuri, yule wenye maua, mwingine wenye bua nene. Basi asiyepata kolirabi asihangaike. Achukue bua la kabichi, atoe ganda lake gumu, alikwangue kwenye kachumbari.

Na figiri tunayo. Asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, jamaa ya kabichi na haradali nyeusi walipokutana. Ule ukali wake ulimini umetoka kwa haradali.

Kinachoniudhi ni tunavyoipika. Tunaichemsha, tunamwaga maji, tunaikamua kama nguo, ndipo tunaikaanga. Wengine wanaongeza magadi ili ilainike upesi. Vitamini C huyeyuka majini na huharibiwa na moto, na magadi huimaliza kabisa. Kabichi nayo ikipikwa mno hutoa ile harufu nzito ya salfa, watoto wanasukuma sahani.

Osheni mboga kabla ya kuikata. Ikishakatwa ikae kidogo wakati karanga zinatwangwa. Kitunguu kikaangwe, nyanya ziive, mboga iingie bila maji ya ziada, ifunikwe kama dakika tano, kisha karanga. Mafuta ya karanga ndiyo yanayosaidia mwili kufyonza karotini. Chumvi iwe yenye madini joto, kwa maana mboga za ukoo huu, hasa zikiliwa mbichi kwa wingi, huizuia tezi ya shingo kuyatumia madini hayo ipasavyo.

Jana nilirudi kwa yule mama. Aliponichagulia kabichi akainua kisu, nikamwomba asiiguse. Alinitazama.

"Na majani yake haya yote?"

"Nayo yote, mama."

Akaitia kwenye kikapu, akakaa kimya kidogo, kisha akainama juu ya kiroba na kuanza kuchambua majani mazuri, akiyaweka pembeni.