Lifti Isiyomngoja Abiria

Lifti tuizoeayo huitwa kwa kitufe, husimama, kisha hufungua mlango. Iko nyingine ya zamani isiyosimama, nayo huitwa patanosta. Haina mlango. Vyumba vyake vidogo, aghalabu vya watu wawili wawili, hufuatana vikipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Abiria huingia na kutoka chumba kikiwa mwendoni, kiasi cha sentimita 30 kwa sekunde.

Vyumba hivyo huning'inia kwenye minyororo miwili isiyo na mwisho, inayozungushwa na magurudumu makubwa juu na chini ya jengo. Kwa kuwa kila chumba kimeshikwa kwenye pembe mbili za mshazari, kifikapo kileleni huhamia upande wa pili kikiwa wima, wala hakipinduki. Jina lake ni la Kilatini, maana yake "Baba Yetu", kwani vyumba vimefuatana mithili ya punje za rozari. Ilianza Uingereza katika miaka ya 1860, ikaenea Ujerumani. Huko Ujerumani Magharibi, ujenzi wa patanosta mpya ulikatazwa mwaka 1974 kwa kuhofia ajali.

Kanuni hiyo hiyo hutumika katika vinu vya nafaka na vya kukoboa kahawa, kazi zijulikanazo sana Jinja na Mbale. Vikombe vilivyofungwa kwenye mkanda huchota punje chini, huzimwaga juu, kisha hurudi vitupu bila kupumzika. Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kilianzishwa Mbale mwaka 1954 kwa ajili ya kahawa ya Mlima Elgon. Mwaka uo huo bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, likatoa umeme wa kuendeshea mitambo.

Lakini punje ya kahawa haina vidole. Mtambo usiosimama hauwezi kumngoja mzee, mtoto, wala mwenye mzigo. Basi mama apelekapo mahindi kinuni, mtoto asisogee karibu na mkanda. Mshipi wa gomesi ufungwe imara, na koti refu la askari lifungwe vifungo. Kitu kikinasa, asikitoe mtu kwa mkono kabla ya umeme kuzimwa. Nawe mwenye kinu, ziba mkanda wako kwa wavu, na kila mfanyakazi ajue swichi iliko.