Turubai la Msiba Litafungwa Wapi?

Mwaka jana mdogo wangu aliniomba nimsindikize kwenda kuona kiwanja upande wa Chanika. Dalali alitupokea kituoni na bodaboda mbili, akatupitisha katikati ya mikorosho hadi kwenye vijiti vinne vilivyofungwa vitambaa vyekundu. Mita 20 kwa 20. Akatueleza kwamba nguzo ya umeme haiko mbali, kisima cha maji kipo, na jirani wa kule mwanzo wa njia tayari ameshapandisha msingi. Mdogo wangu akauliza bei ya mwisho. Mimi nikauliza swali ambalo mama yetu angeliuliza: hapa mtu akifiwa, turubai litafungwa wapi?

Dalali akageuka huku na huku. Kushoto vijiti vya mtu, kulia vijiti vya mtu, mbele njia ya kupita pikipiki moja. "Kaka, watu watafunga hapohapo njiani," akajibu. Alisema kweli, ndivyo tunavyofanya katika mitaa mingi ya Dar es Salaam. Njia inazibwa siku tatu, na mgonjwa wa nyumba ya nne akizidiwa usiku anabebwa mgongoni mpaka barabarani.

Ushauri tunaopeana kuhusu kununua kiwanja karibu wote unahusu kilicho ndani ya vijiti. Hakikisha muuzaji ndiye mwenye mali. Nenda na mashahidi. Kama kuna hati, kafanye upekuzi kwa msajili wa hati kabla hujatoa hata shilingi. Ni ushauri mzuri, na wapo watu waliopoteza akiba ya miaka kumi kwa sababu hawakuufuata. Lakini nimekaa katika mitaa mitatu ya jiji hili, na ninaamini kwamba sehemu kubwa ya thamani ya nyumba iko nje ya fensi: barabara, mfereji, uwanja, shule, mahali pa kuzikana. Tena mambo hayo huamuliwa mara moja tu, siku shamba linapokatwa. Nyumba ya kwanza ikishasimama, kila kinachofuata ni kubomoa au kubembelezana.

Mfano uko katikati ya jiji. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kabla watu hawajajenga. Barabara zilichorwa kwanza, maeneo ya huduma yakaachwa, kisha kila mtu akajenga kwa uwezo wake. Mradi huohuo ulikwenda pia Manzese, ambako nyumba zilikuwa zimeshajaa, ukapenyeza barabara na maji katikati yake. Wachumi wakiongozwa na Guy Michaels walilinganisha mitaa ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2021. Waliona kwamba miongo kadhaa baadaye, mitaa iliyopangwa kabla ya ujenzi ina nyumba kubwa zaidi, zilizojengwa vizuri zaidi na zilizokaa kwa mpangilio.

Mtu anaweza kusema kwamba waliokwenda Sinza walikuwa na kipato kizuri tangu mwanzo. Lipo hilo, na siwezi kulipuuza. Lakini tazama namna umbo la mtaa lenyewe linavyofanya kazi. Lori la saruji likifika mlangoni hulipi vibarua wa kubeba mifuko. Gari la majitaka likifika, choo kinanyonywa badala ya kufunguliwa mvua ikinyesha. Gari la zimamoto likifika, moto wa nyumba moja unabaki moto wa nyumba moja. Mwenye nyumba ya kichochoroni analipia kichochoro hicho kila mwezi wa maisha yake, na siku anapotaka kuuza analipa tena, kwa sababu mnunuzi ameliacha gari mbali na amehesabu hatua.

Sasa tuhesabu upande wa pili, maana hapa ndipo mabishano yanapoanzia. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kama kipande cha mita 63 kwa 63. Mwenye shamba akikata viwanja vya mita za mraba 400 bila kuacha njia, anapata viwanja kumi. Akipitisha barabara ya mita sita katikati, barabara inachukua mita za mraba 378, anabaki na viwanja tisa. Kwa hiyo barabara ambayo lori linapita inagharimu kiwanja kimoja katika kumi. Kama kila kiwanja kingeuzwa shilingi milioni 5, basi akiuza tisa kwa milioni 5 na laki tano na nusu hivi, mwenye shamba hajapoteza kitu. Laki tano na nusu ni fedha nyingi kwa mwalimu au muuza genge. Hata hivyo, ni ndogo kuliko hasara ya kukaa miaka thelathini mahali ambapo gari la wagonjwa haliingii.

Kwa nini basi barabara haiachwi? Kwa sababu mwenye shamba hauzi viwanja kumi siku moja. Anauza kimoja kwa ajili ya ada ya mtoto, kingine kwa ajili ya matibabu, cha tatu mwaka unaofuata. Kila mnunuzi anapata kipande chake bila kujua kitakachokatwa baadaye, wala hakuna mahali ambapo shamba zima limechorwa. Simlaumu mzee huyu. Anauza anachokijua kwa shida anayoijua, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba barabara inaweza kulipwa na wanunuzi wenyewe.

Serikali imejaribu njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kutwaa mashamba, kulipa fidia, kupima na kuuza. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulizaa Mbweni, Bunju, Mivumoni, Kibada, Gezaulole, Buyuni na maeneo mengine. Ramani zake zina barabara na maeneo ya shule. Kasoro ni kwamba bei ilimshinda mtu wa kipato cha chini, maji na lami vilichelewa, na viwanja vingi vilikaa miaka vikiota majani huku wenyewe wakingoja bei ipande. Wakati huohuo mtu wa kawaida alikuwa ameshahamia Kivule au Msongola kwa dalali, kwa malipo ya awamu. Jiji lilikuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012, na mwaka 2022 wakafika 5,383,728. Hakuna mradi wa kupima viwanja uliokwenda kwa mwendo huo.

Njia ya pili ni urasimishaji: kuwapima watu walipo, kuwachorea ramani na kuwapa hati. Nimeona furaha ya mtu aliyepata hati baada ya miaka ishirini ya wasiwasi, na simdharau anayeitaka. Ila urasimishaji unafika wakati nyumba zimeshajaa. Mpima anasimama na vifaa vyake na kukuta njia inayofaa inapita jikoni kwa mtu. Mwenye jiko anauliza fidia iko wapi, swali la haki kabisa, na hakuna anayeweza kulijibu. Mwishoni barabara inapindishwa kufuata kuta. Watu wanapata hati za kisheria za kukaa kichochoroni, na shule ya msingi inabaki mtaa wa pili, ng'ambo ya barabara kuu.

Kuna jambo ambalo urasimishaji hauwezi kulirudisha hata wananchi wakishikamana vipi. Wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, katika miaka ya 1990 walichimba mifereji na kutengeneza barabara za mtaa wao kwa nguvu zao, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Ile ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Mfereji unachimbika hata kama umechelewa. Ekari mbili za makaburi hazichimbuki kutoka chini ya nyumba za watu.

Hili la makaburi linanigusa kuliko yote, na sielewi kwa nini halimo katika mazungumzo ya viwanja. Wazazi wetu walikufa Dar es Salaam wakazikwa mikoani, kwa hiyo jiji halikuhesabu wafu wake. Watoto wetu wamezaliwa hapa, na wengi hawana kijiji cha kurudishwa. Kwa Waislamu maziko hayangoji, mtu anatakiwa kuzikwa karibu na mapema. Makaburi ya zamani ya mjini yamebanana mpaka kaburi linagusa kaburi. Nenda mtaa wowote mpya wa pembezoni, muulize mwenyekiti watu wake watazikwa wapi. Mara nyingi utaoneshwa kona ya shamba la mtu mwema, ambaye watoto wake wataiuza siku atakapolala hapo yeye mwenyewe.

Kwa hiyo nasimamia wapi? Nadhani tunahitaji kuwahi pale shamba linapokatwa, na mtu aliye karibu na tukio hilo si afisa wa wizara. Ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Yeye hana mamlaka ya kugawa ardhi, lakini karibu kila karatasi ya mauziano ya pembezoni inapita mezani kwake kutafuta muhuri, na mitaa mingi inatoza ada ambayo mara nyingi hufika asilimia 10 ya bei. Muhuri huo ungeweza kufanya kazi kubwa kuliko kushuhudia fedha zikihesabiwa. Halmashauri zitoe agizo moja: shamba linalozidi ekari moja lisigongewe muhuri hata kwa kipande cha kwanza kabla ya kuwa na mchoro mmoja wa shamba zima, uliobandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa, unaoonesha njia na mahali maji ya mvua yanapopita. Mchoro huo hauhitaji kuwa wa kitaalamu siku ya kwanza. Unahitaji kuonekana na kila mnunuzi kabla hajalipa.

Shule, zahanati na makaburi haviwezi kutoka kwenye ekari moja ya mzee mmoja. Hapo ndipo kodi inapaswa kurudi. Tangu mwaka 2021 kila mwenye nyumba analipa kodi ya majengo anaponunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023, na kwa ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Mtaa wa nyumba elfu mbili za kawaida unatoa shilingi milioni 36 kwa mwaka. Pembezoni mwa jiji, ambako ardhi bado inauzwa kwa ekari, sehemu tu ya fedha hiyo ingenunua eneo la umma kwa hiari ya muuzaji na kwa bei ya soko, kabla vijiti havijafika. Wenye nyumba tunayo haki ya kulidai hili kwa sauti.

Na wewe unayetaka kununua mwezi huu, huwezi kungoja agizo. Nenda kakione kiwanja wakati wa masika, tena asubuhi baada ya mvua ya usiku. Kiangazi kila bonde linaitwa tambarare. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bonde la Msimbazi, na serikali ikawapa viwanja Mabwepande. Wengi wao walinunua au kupanga mahali palipokuwa pakavu siku walipopaona. Angalia alama ya maji kwenye kuta za jirani, na uulize kina mama, maana wao ndio waliokesha wakiinua magodoro. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufuko, na anayekuuzia hapo hatakuwepo nyumba ikiwekewa alama ya X ya kubomolewa.

Kama eneo limepimwa, nenda halmashauri ukaangalie mchoro wa mipango miji, usitazame kiwanja chako peke yake. Tafuta kilichoandikwa shule au eneo la wazi, kisha nenda kwa miguu ukakione. Ukikuta kuna fremu za maduka, umejua mtaa wako unalindwaje. Karibu na barabara kuu uliza mwisho wa hifadhi ya barabara, kwa maandishi. Waliobomolewa Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 hawakuwa wajinga. Wengine walikuwa na nyumba za miaka mingi, na umeme na maji vilikuwa vimefungwa humo.

Mdogo wangu alinunua. Sikumkataza, bei ilikuwa ya uwezo wake na kodi ya nyumba ilikuwa inammaliza. Lakini kabla ya kuleta tofali la kwanza alitafuta namba za simu za wenye vijiti wa njia ile, wakakutana Jumapili chini ya mkorosho. Njia ina mita mbili. Kila mmoja akirudisha mpaka wake mita mbili, itakuwa barabara ya mita sita, na kila mmoja atakuwa ametoa sehemu moja ya kumi ya kiwanja chake. Saba wamekubali, wakaandikishana kwa mwenyekiti na kuhamisha vijiti siku ileile. Amebaki yule mwenye msingi, pale njia inapoanzia. Kona ya msingi wake imeingia mita moja na nusu ndani ya barabara inayotakiwa. Wenzake wamechanga fedha za kuuhamisha upande ule, na mdogo wangu ndiye aliyetumwa kumpelekea. Jamaa amepokea salamu, fedha hajazipokea. Ameomba apewe muda mpaka masika yapite.