Ufa wa Nani, Ukuta wa Nani?

SAFU YA UGHAIBUNI
Na Mwanakombo Shehe

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta ni fundisho la mtu anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, kwa kuwa inachukulia kwamba anayeuona ufa, anayeuziba na atakayeujenga ukuta ukianguka ni yule yule mmoja. Nyumba ya kupanga humgawa mtu huyo mara mbili: mpangaji ndiye anayeuona ufa kila asubuhi, ilhali ukuta ni wa mwenye nyumba, na katikati yao mara nyingi amesimama wakala, yaani mtu au kampuni inayokusanya kodi na kupokea malalamiko kwa niaba ya mwenye mali. Hoja ya safu hii ni kwamba, kwa mpangaji, ujuzi mdogo wa matengenezo haumwokolei senti tu; ndio msingi wa haki yake, kwa sababu anayejua chanzo cha hitilafu ndiye anayeweza kusema kwa uhakika ni nani anayepaswa kuilipia.

Eneo la Ras Al Khor mjini Dubai linafaa kuwa mfano. Jina lenyewe halimpi Mswahili taabu, maana ras ni rasi na khor ni hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na hapa ndipo hori la Dubai linapopanuka kuwa bwawa la maji ya kina kifupi. Kuna hifadhi ya ndege iliyoingizwa mwaka 2007 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, na humo heroe, ndege warefu wa rangi ya waridi, hutembea kando ya mikoko. Si mbali nayo kuna karakana, maghala na soko la magari yaliyotumika. Unyevu na chumvi ya hori kwa upande mmoja, vumbi la jangwa na la karakana kwa upande mwingine, ndivyo vinavyoamua nyumba ya hapo itaanza kuharibika wapi.

Uhusiano wa nyumba za Ghuba na pwani ya Waswahili ni wa zamani kuliko saruji na nondo. Mapaa ya nyumba kongwe za Dubai zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, kama zile zilizohifadhiwa katika mtaa wa Al Fahidi, yalibebwa na boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Afrika Mashariki, ikiwemo Lamu na delta ya Rufiji, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Nyumba ya namna hiyo ilimfundisha mkaaji kuitazama, kwa sababu boriti ilionekana darini na chokaa iliyobanduka ilionekana ukutani. Ghorofa ya leo imeficha mabomba, nyaya na mifereji yake nyuma ya dari na vigae, na kwa hiyo mpangaji huona dalili tu, huku ugonjwa wenyewe ukibaki ndani ya ukuta.

Sheria ya Dubai inampa mpangaji pa kuanzia. Sheria Na. 26 ya mwaka 2007, inayosimamia uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji, na ambayo ilirekebishwa kwa Sheria Na. 33 ya mwaka 2008, inasema katika kifungu cha 16 kwamba mwenye nyumba ndiye anayewajibika kwa matengenezo na kwa kurekebisha kasoro inayomzuia mpangaji kuitumia nyumba ipasavyo, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Kifungu cha 19 nacho kinamtaka mpangaji aitunze nyumba kama mtu mwenye busara anavyotunza mali yake, na kinamkataza kubadili chochote bila idhini ya mwenye nyumba na vibali vya mamlaka husika. Maneno ya kuangaliwa zaidi ni yale ya makubaliano, kwa kuwa mikataba mingi hutumia nafasi hiyo kuweka kiwango, mara nyingi dirhamu 500 au 1,000, ambacho chini yake matengenezo ni ya mpangaji na juu yake ni ya mwenye nyumba. Mpangaji asiyekisoma kipengele hicho kabla ya kutia saini hukisoma kwa mara ya kwanza siku kiyoyozi kinapokataa kupoza katikati ya Agosti.

Kiyoyozi ndicho mfano ulio bora. Kile cha ukutani kinapodondosha maji juu ya kochi, wengi husema kimekufa, ingawa mara nyingi kilichotokea ni jambo jepesi: hewa yenye unyevu inapogusa koili baridi iliyo ndani ya mashine, mvuke wake hugeuka matone, kama inavyokuwa nje ya glasi ya maji ya barafu, na matone hayo hupokelewa na kisinia chembamba kilicho chini ya koili kabla ya kutoka nje kwa bomba dogo la plastiki. Vumbi lililoponyoka kwenye chujio huchanganyika na unyevu huo likawa tope laini lenye utelezi, tope huziba bomba, na maji yakikosa njia hufurika yakateremka ukutani. Kinga yake ni kuzima kiyoyozi kabisa, kuinua kifuniko cha mbele, kuchomoa chujio, kuliosha kwa maji ya bomba kutokea upande wa ndani ili vumbi lisukumwe nje badala ya kushindiliwa, kisha kulianika kivulini mpaka likauke. Kazi hiyo ya dakika chache, ikifanywa kila wiki mbili wakati wa joto, huzuia pia koili kuganda barafu kwa kukosa hewa ya kutosha.

Gesi ya kiyoyozi ni habari nyingine, na hapo ndipo wapangaji wengi hulipa wasichodaiwa. Gesi hiyo haichomwi ikaisha kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inapovuja. Fundi anayeijaza kila mwaka bila kutafuta tundu anatuliza maumivu na kuuacha ugonjwa palepale, na mpangaji anayelipa kila mara kiasi kilicho chini kidogo ya kiwango cha mkataba anabeba, kwa mafungu, gharama ya kasoro ambayo kwa asili yake ni ya mwenye nyumba. Chujio chafu ni la mpangaji, kwa kuwa ni suala la utunzaji. Bomba lililotoboka ni la mwenye nyumba, kwa kuwa ni kasoro ya kifaa chake. Na tofauti hiyo haionekani ila kwa anayejua mashine inavyofanya kazi.

Mantiki hiyo hiyo inahusu maji, ambayo Dubai hutokana kwa sehemu kubwa na bahari iliyoondolewa chumvi kwa gharama kubwa ya nishati. Bili ikipanda bila sababu, wa kwanza kushukiwa awe choo. Rangi ya chakula au chai kavu iliyokolea ikimiminwa ndani ya tangi la choo, na choo kisivutwe kwa nusu saa, maji ya bakuli yakibadilika rangi ni ushahidi kwamba mpira unaoziba tundu la chini ya tangi umechakaa, au kwamba boya, yaani kile kipande chepesi kinachopanda na maji ili kuyafunga, limewekwa juu mno na maji yanamwagika kwenye bomba la ziada. Choo kikiwa salama, koki zote zifungwe usiku na namba za mita zisomwe kabla ya kulala na alfajiri. Mita iliyosogea hali hakuna aliyetumia maji inashuhudia kwamba bomba linavuja mahali pasipoonekana. Kubadili mpira ni kazi ndogo ya mpangaji, lakini bomba lililo ndani ya ukuta halimhusu kwa nyundo. Linamhusu kwa taarifa ya maandishi.

Mambo mengine mawili ya maji huwasumbua wageni bila kuwa hitilafu. Kiangazi, matangi ya juu ya paa huchemka kwa jua, na koki ya baridi hutoa maji ya moto. Wenyeji huzima hita ya bafuni, maji yaliyomo ndani yake yakapoa kwa ubaridi wa nyumba, wakayatumia yale ya upande wa moto kama ya baridi. Vilevile, chini ya kila sinki na kila tundu la sakafu mna mkunjo, kwenye mabomba mengi wa umbo la herufi U, ambao hubakiza maji kidogo ili yazuie harufu ya maji machafu kupanda. Mtu aliyekwenda likizo Mombasa au Dar es Salaam mwezi mzima akarudi akakuta bafu linanuka, tiba yake ya kwanza ni jagi la maji katika kila tundu, kwa kuwa mkunjo umekauka.

Umeme unadai adabu zaidi. Plagi za Dubai ni zile zile za miguu mitatu zinazotumika Kenya na Tanzania, na ndani ya plagi mna fyuzi, waya mwembamba unaokatika mkondo ukizidi, kwa hiyo pasi iliyozima ghafla hukaguliwa fyuzi kabla ya kutupwa. Nyumba nzima ikizima, ufumbuzi uko kwenye kisanduku cha breka, swichi zinazojikata zenyewe kulinda nyaya. Breka zote hushushwa, ile kuu hupandishwa, kisha nyingine hupandishwa moja moja mpaka ile inayoangusha kubwa ijulikane. Vifaa vyote vya njia hiyo vikichomolewa na breka ikakubali kusimama, kosa liko katika kifaa kimojawapo cha mpangaji, lakini ikiendelea kuanguka hali hakuna kilichochomekwa, kosa liko katika waya au katika kifaa cha kudumu cha nyumba, kama hita ya maji, na hapo ni zamu ya mwenye nyumba kumleta fundi mwenye leseni. Mpangaji hafungui soketi wala hagusi nyaya za ndani ya kisanduku, kwa sababu mpaka wa sheria na mpaka wa usalama wa roho yake inakutana hapo.

Wapo, hata hivyo, wasiofikiwa na maelezo haya kikamilifu, na wengi wao ni Waafrika Mashariki. Anayelala katika makazi aliyopewa na mwajiri bila kutozwa kodi hahusiki na Sheria Na. 26, kwa kuwa kifungu cha 3 kimeyaondoa makazi hayo. Wa kuarifiwa ni mwajiri. Anayekodi kitanda katika chumba cha mwenzake yuko pabaya zaidi, maana kifungu cha 24 hakiruhusu kupangisha upya bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, na asiye na mkataba uliosajiliwa katika Ejari, mfumo rasmi wa kusajili mikataba ya pango, hana karatasi ya kumsemea. Ni mtu huyo ambaye mara nyingi hulala karibu na waya wa kuongezea soketi uliobeba jiko la umeme, friji na chaja tano, akaogopa kulalamika. Ukimya huo ni wa hatari, na wenye mikataba wanaoishi naye wanawajibika kusema kwa niaba yake.

Kwa wenye mikataba, silaha iliyobaki ni kumbukumbu. Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na amana ni mali: kwa desturi ya Dubai ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka kwa nyumba tupu na asilimia 10 kwa nyumba yenye samani. Kifungu cha 20 kinamtaka mwenye nyumba airudishe au arudishe salio lake mkataba unapoisha, na kifungu cha 21 kinamtaka mpangaji aikabidhi nyumba ilivyokuwa alipoipokea, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida au uharibifu ulio nje ya uwezo wake. Bila picha za siku ya kuingia, zenye tarehe, za kila ukuta, kila koki na chini ya kila sinki, hakuna anayeweza kuthibitisha nyumba ilivyokuwa. Kituo cha kutatua migogoro ya pango, kilichoanzishwa kwa Amri Na. 26 ya mwaka 2013, hutoza ada ya asilimia 3.5 ya kodi ya mwaka, isiyopungua dirhamu 500, na kwa hiyo mgogoro wa mpira wa choo haustahili kufika huko. Picha na ujumbe wa maandishi vinaumaliza mezani kwa wakala.

Nyumba ya kupanga itabaki kuwa ya mwenyewe, na mpangaji siku moja atakabidhi funguo na kuondoka. Lakini doa la unyevu nyuma ya kabati, breka inayoanguka kila alfajiri na bomba linalotiririka usiku havionwi na mwenye hati aliye mbali, wala na wakala aliye ofisini. Methali ya ufa haikosei, ila kwa mpangaji inahitaji kugawanywa: ufa mdogo auzibe, ufa mkubwa autangaze kwa maandishi, na kabla ya yote ajifunze kuutambua upi ni upi.