Modemu mpya, intaneti imegoma: usikimbilie kununua ruta

Msimu wa pamba mkoani Simiyu, ofisi ya AMCOS inayokosa intaneti inachelewesha fedha za watu. Malipo ya wakulima yanaweza kupitia benki au simu. Orodha isipotumwa, mkulima hana cha kupeleka nyumbani.

Anayebadili modemu, awe Binza au Bariadi mjini, anaweza kukuta taa za ruta zinawaka lakini intaneti haipatikani. Wengine huamua kununua ruta nyingine. Hiyo ni gharama isiyo ya lazima.

Modemu nyingi za kisasa zina ruta ndani yake. Vifaa viwili vikitumia namba moja, mfano 192.168.1.1, ruta hushindwa kujua data iende wapi.

Kwanza, zima vyote viwili. Washa modemu, subiri dakika tatu, ndipo uwashe ruta. Pili, hakikisha waya utokao kwenye modemu umechomekwa kwenye tundu la ruta lililoandikwa WAN.

Tatu, unganisha kompyuta moja kwa moja na modemu. Ikikataa, tatizo liko kwenye modemu, kifurushi au mtoa huduma. Ruta mpya haitasaidia. Ikikubali, ingia kwenye mipangilio ya ruta, ubadili namba yake iwe 192.168.2.1, kisha uiwashe upya.

Kazi hii haichukui hata saa moja, wala haihitaji fundi kutoka Mwanza. Kwa chama kinachoishi kwa ushuru wa kila kilo, fedha ya ruta ni bora ikabaki kwenye mizani.