Punda wa Shinyanga na dawa ya China: Kwa nini mwaka 2031 unatuhusu

Ukipita asubuhi kwenye vijiji vya Kishapu au Shinyanga Vijijini, unaweza kukutana na punda kabla hujakutana na gari. Anavuta mkokoteni wenye madumu ya maji, kuni, au mifuko ya pamba inayopelekwa ghala la AMCOS. Hanywi petroli, na wala hahitaji spea ya kuagizwa kutoka Dar.

Mnyama huyuhuyu, miaka michache iliyopita, aliingia kwenye biashara kubwa ya dunia. Kiwanda cha kuchinja punda kilifunguliwa Shinyanga, kingine Dodoma, na mnunuzi mkuu wa ngozi alikuwa China. Desemba 2021 serikali, kupitia Waziri wa Mifugo wa wakati huo, Mashimba Ndaki, ikapiga marufuku uchinjaji huo kwa miaka 10.

Piga hesabu: zuio hilo linafika mwisho 2031. Siyo mbali. Je, tumejiandaa?

China wanaitakia nini ngozi ya punda?

Kuna dawa ya jadi ya Kichina inaitwa ejiao. Ngozi ya punda inalowekwa, inachemshwa muda mrefu mpaka inatoa ute mzito kama gundi, kisha ute unakaushwa na kukatwa vipande. Wanaoitumia wanaamini inaongeza damu, inasaidia usingizi na kulainisha ngozi ya mwili. Makao yake makuu ni Dong'e, jimbo la Shandong, na historia yake ni ya karne nyingi.

Zamani ilikuwa dawa ya watu wa ikulu na matajiri. Baada ya China kufungua uchumi wake kuanzia 1978, mamilioni ya watu walipata kipato cha kati, na kilichokuwa cha wachache kikawa zawadi ya kawaida dukani.

Shida ni kwamba wakati wateja wanaongezeka, punda wa China walikuwa wanapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa na punda karibu milioni 11. Leo ni chini ya milioni 3. Wakulima walipata matrekta na pikipiki, wakaona punda hana kazi tena. Kwa hiyo wanunuzi wakageukia nje, na Afrika ndiko punda wengi waliko.

Ona tofauti hapo. Mkulima wa China alimwacha punda baada ya kupata mashine. Mkulima wa Shinyanga alianza kumuuza kabla mashine haijamfikia.

Biashara na China si jambo geni

Tusije tukadhani China imetufahamu jana. Karne nyingi kabla ya ukoloni, vyombo vya kauri vya Kichina vilikuwa vinafika Kilwa na miji mingine ya pwani. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, enzi za safari za baharia Zheng He. Baada ya uhuru ukaja mkataba wa urafiki wa 1965, halafu reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975.

Ila biashara ile ya zamani iliishia zaidi pwani na kwa watawala. Hii ya sasa inaingia mpaka kwenye zizi la kijijini. Mtu akipenda dawa fulani Shanghai, mama wa Kishapu anaweza kujikuta anabeba ndoo kichwani.

Hesabu ambayo haikupigwa

Tuwe wakweli: viwanda vilikuwa na faida. Vilitoa ajira, serikali ilipata mapato, na mfugaji mwenye shida ya ada au matibabu alipata fedha taslimu. Kumlaumu aliyeuza punda wake ni rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kukwama.

Lakini punda si kama ng'ombe. Usukumani ng'ombe anafugwa kundi. Ukiuza mmoja wengine wanabaki. Punda kaya nyingi wanafuga wawili au watatu, wa kazi tu. Anabeba mimba karibu mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja, na mtoto huyo anahitaji miaka kama mitatu au zaidi ndipo aweze kazi nzito. Kiwanda kinamaliza punda kwa dakika chache. Kumpata mwingine wa kuziba pengo ni safari ya miaka minne hivi.

Halafu kuna gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Punda akiondoka, maji bado yanahitajika. Kazi ile inahamia kwa mama na watoto. Bei ya mnunuzi ilikuwa ya ngozi na nyama. Maji ya miaka 10 ijayo hayakuwemo.

Majirani waliliona hilo. Niger na Burkina Faso zilizuia biashara hii tangu 2016. Kenya ilisimamisha uchinjaji Februari 2020 baada ya vilio vya wizi wa punda, ingawa mahakama ilikuja kutengua amri hiyo 2021. Desemba 2022 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa Afrika kuhusu punda. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana, mjini Addis Ababa, kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

Ngozi inakwenda, toyo inakuja

Hapa ndipo stori inaponoga. Mbadala wa punda kwenye barabara za Shinyanga, Kahama na Geita ni pikipiki ya magurudumu matatu, ile tunayoiita toyo au guta. Nyingi zinatoka China.

Toyo ina faida zake, tena kubwa. Inabeba zaidi na inakimbia. Kwa mchimbaji mdogo wa Geita anayehamisha mawe kutoka duarani kwenda kwenye karasha, ni mkombozi. Lakini inataka mtaji, petroli na fundi. Aliyeuza punda wake kwa shida hana fedha ya kununua toyo. Anayeinunua ni mtu mwingine, na huyo wa kwanza anageuka mteja wa kulipia kila trip.

Kwa maneno mengine, China inanunua chombo cha usafiri cha maskini kama malighafi, na inauza kingine kwa mwenye mtaji. Hakuna uovu hapo. Ndiyo biashara. Anayetakiwa kupiga hesabu zake ni muuzaji.

Geita ina somo

Machi 2019 soko la madini la Geita lilifunguliwa. Kabla ya hapo mchimbaji mdogo mara nyingi alikubali bei ya mnunuzi aliyemfuata shimoni. Soko likaleta mahali pa kupimia, bei elekezi na risiti. Siyo kwamba matatizo yote yaliisha, ila muuzaji sasa anajua anauza nini na kwa kiasi gani.

Punda hakuwahi kupata nafasi hiyo. Aliuzwa kama mzigo wa haraka.

Na mlango wa China unazidi kufunguka. Tangu tarehe 1 Desemba 2024 nchi hiyo imeondoa ushuru kwa bidhaa zote kutoka nchi maskini zaidi duniani ambazo ina uhusiano nazo wa kidiplomasia, Tanzania ikiwemo. Hiyo ni fursa kwa ufuta, pamba na asali, mazao ambayo ukiuza leo, msimu ujao unavuna tena.

Kwa hiyo kabla ya 2031 maswali ni ya kawaida kabisa. Punda wetu ni wangapi kwa kila wilaya, na wanaongezeka au wanapungua? Nani anawazalisha? Ofisa mifugo anawatibu, au anaishia kwa ng'ombe? Wenye majibu watakaa mezani na mnunuzi yeyote wakiwa na msimamo. Wasio nayo watarudi palepale: wanapokea fedha leo, kesho wanatafuta wa kubeba maji.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Safari hii aliyepigwa teke ni punda mwenyewe, na maumivu tumeyasikia sisi.