Anayengojeshwa Mahakamani Asikilizwe



Hivi karibuni niliwapa wanafunzi wa darasa letu hapa Hai Cinema insha yenye kichwa "Siku niliyongoja". Wengi waliandika juu ya usafiri na foleni ya maji. Mmoja aliandika juu ya baraza la chifu. Alimsindikiza shangazi yake aliyeitwa kutoa ushahidi. Walifika asubuhi, wakaketi mpaka jua lilipokaribia kuzama, kisha wakaambiwa kuwa shauri limeahirishwa. Alimalizia hivi: "Siku yetu imeliwa." Sentensi hiyo sikuigusa kwa kalamu nyekundu.

Alipokwisha kuisoma, mwenzake akauliza: "Mwalimu, katika filamu za Kimarekani raia wa kawaida huitwa mahakamani kuamua kesi. Je, nao hungojeshwa hivi?"

Naam, hungojeshwa. Raia hupelekewa barua ya wito, huacha kazi yake, huketi ukumbini na watu asiowajua, na pengine jioni hurudi nyumbani bila kuchaguliwa. Raia wanaochaguliwa kuamua kesi huitwa juri. Hapa Sudan Kusini hatuna juri. Kesi huamuliwa na majaji na mahakimu, na mashauri mengi ya jamii huishia mbele ya machifu, ambao mabaraza yao yanatambuliwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2009. Hata hivyo, raia kuitwa aketi, angoje na kusaidia kuamua si jambo geni katika Afrika Mashariki.

Tuitazame Kenya wakati wa ukoloni. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyekaa pamoja na washauri wa mahakama, ambao huitwa pia wazee wa baraza. Mwaka 1956, mjini Nyeri, Dedan Kimathi alihukumiwa na Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, pamoja na washauri watatu Waafrika. Washauri hao walimwona ana hatia, na jaji akamhukumu kifo. Lakini hata kama wote watatu wangesema hana hatia, sheria haikumlazimisha jaji kuwafuata. Mwaka 1959 Peter Poole, Mzungu aliyemuua Mwafrika kwa kumpiga risasi, alifikishwa mbele ya juri ya Wazungu mjini Nairobi. Juri hiyo ilimtia hatiani, naye akanyongwa mwaka 1960. Bila neno la juri, jaji asingeweza kumtia hatiani.

Makundi yote mawili yaliacha shughuli zao, yakaketi na kusikiliza. Lakini neno la kundi moja lilikuwa uamuzi, na neno la kundi jingine lilikuwa ushauri tu. Waliopewa uzito mdogo walikuwa wenyeji wa nchi.

Baada ya uhuru, washauri waliendelea kuwapo katika nchi kadhaa. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Uganda bado inao. Tanzania ililegeza sheria mwaka 2022, na sasa si lazima wawepo katika kila kesi ya Mahakama Kuu. Lakini Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, kama ilivyotungwa, iliweka jambo la kuigwa: hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aliketi na washauri wasiopungua wawili, na uamuzi ukafuata kura za walio wengi. Wazee wawili wangeweza kumshinda hakimu mmoja.

Wapo wasemao kuwa washauri huchelewesha haki, nao wana hoja. Nchini Tanzania Mahakama ya Rufani ilibatilisha kesi nyingi za mauaji kwa sababu jaji hakuwafafanulia washauri mambo ya sheria ipasavyo. Kesi ikaanza upya, mshtakiwa akabaki gerezani, na jamaa za marehemu wakarudi kungoja. Hasara hiyo ni ya kweli. Lakini kosa lilikuwa la mahakama iliyowaita wazee na kutowapa nafasi yao. Sioni kwa nini dawa ya kosa hilo iwe kuwafukuza wazee.

Penye wazee haliharibiki neno, walisema wahenga. Methali hiyo haikukusudia wazee wanaoketi kimya kama mapambo. Maoni yangu ni haya: raia hapaswi kunung'unika kwa sababu tu ameitwa mahakamani. Haki inayotolewa bila macho ya watu huoza upesi. Lakini mahakama inayomwita ina deni kwake. Imwambie saa ya kweli. Ikiahirisha shauri, itoe sababu. Imfidie mchuuzi anayefunga biashara yake ili aje kutoa ushahidi. Zaidi ya yote, imsikilize kwa lugha anayoielewa, na neno lake lionekane katika hukumu, hata kama limekataliwa.

Sasa turudi kwenye sarufi. "Siku yetu imeliwa" ni kauli ya kutendwa. Kauli hii ina hila moja: humficha mtenda. Nani aliyeila siku ya shangazi? Je, ni karani aliyeandika mashauri mengi kuliko yanayoweza kusikilizwa kwa siku moja? Ni upande uliokosa kufika? Nimemwomba mwanafunzi yule aiandike sentensi yake upya, safari hii amtaje mtenda. Hajairudisha bado. Anasema shangazi ameitwa tena, na atakapokuwa pale barazani atauliza.